Haki ya Kiu na Deni la Bonde

Kwenye ukingo wa magharibi wa jiji la Sydney, mwendo wa kilomita zipatazo 65 kutoka bandarini, mahali ambapo nyumba zimekwisha kupungua na magenge ya mawe ya mchanga ya Blue Mountains yameanza kuinuka, pana kitongoji kidogo kiitwacho Warragamba, chenye wakazi wanaozidi 1,000 kwa uchache tu, ambacho hakikuzaliwa kwa soko wala kwa kanisa wala kwa machimbo ya dhahabu, kama vitongoji vingi vya Australia vilivyozaliwa, bali kwa kazi moja, nayo ni kujenga ukuta wa kuzuia mto. Njia zake nyingi hazikupewa majina ya magavana wala ya mashujaa. Zilihesabiwa kwa nambari, ya kwanza, ya nne, ya kumi na nne, nazo ni njia za makazi yaliyopimwa kwa ajili ya wafanyakazi ambao, kazi ikiisha, walitazamiwa kwenda zao. Wengi walikwenda kweli. Waliosalia, pamoja na waliohamia baada yao, wanaishi leo kando ya Ziwa Burragorang, lenye uwezo wa kuchukua lita zaidi ya trilioni 2 za maji matamu, nao hawaruhusiwi kuyagusa maji hayo hata kwa ncha ya kidole.

Amri hiyo si ya dhuluma. Maji hayo ndiyo yanayonywewa na watu wa Sydney, jiji la watu wapatao milioni 5, ambalo sehemu kama asilimia 80 ya maji yake hutoka hapo. Kwa hiyo ni marufuku kuogelea ndani yake, kuvua, au kutia mashua, na sehemu kubwa ya msitu ulio ndani ya kilomita 3 kutoka ukingoni imefungwa kwa kila asiye na idhini. Mkazi wa Warragamba husimama juu ya genge akayatazama maji kwa mbali, kisha akarudi nyumbani kufungua mfereji kama mtu yeyote wa mjini. Siku ya Krismasi ya mwaka 2001, moto wa msituni ulipokuja na upepo mkali ukaingia kitongojini, nyumba ziliteketea huku bwawa kubwa kuliko mabwawa yote ya jiji likiwa jirani yake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linaonyesha hali ya mahali penyewe: watu wa hapo ni walinzi wa neema ambayo, ingawa wako karibu nayo kuliko wote, hawana fungu kubwa ndani yake kuliko yule aliye mbali.

Jambo lililouleta ukuta ni kiu. Kuanzia mwaka 1934 hadi mwaka 1942 mvua zilikuwa haba, mabwawa ya zamani ya mto Nepean yakapungua hata wakuu wa maji wakahofia siku ambayo jiji zima lingekosa, na hofu hiyo ndiyo iliyohitimisha mjadala uliokuwa ukiendelea tangu karne ya kumi na tisa juu ya kulifunga korongo jembamba ambamo mto Warragamba ulipita kwenda kukutana na Nepean. Vita vilipokwisha, kazi ikaanza mwaka 1948. Walikuja wenyeji na walikuja wahamiaji kutoka nchi za Ulaya zilizobomolewa na vita, ambao wengine hawakuwa na lugha ya kusemezana isipokuwa ishara za mikono na majina ya zana. Mchanga na kokoto zilichimbwa katika mto Nepean zikaletwa kwa makapu ya chuma yaliyoning'inia juu ya kamba za waya. Na kwa kuwa saruji ikikauka hutoa joto, na joto likizidi hupasua, barafu ilichanganywa ndani ya zege ili ukuta upoe taratibu. Kazi ilichukua miaka 12, na wapo walioacha roho zao hapo. Oktoba ya mwaka 1960 ukuta ulifunguliwa rasmi: kimo chake mita 142, urefu wake mita 351, na unene wake chini kwenye msingi mita 104. Ni kazi ya kustahiwa, na mwenye kuidharau hajawahi kukaa mahali ambapo mama huamka usiku wa manane kwenda kupanga ndoo.

Lakini ukuta haukuzuia maji juu ya jangwa. Nyuma yake palikuwa na Bonde la Burragorang, ambalo kwa zaidi ya kilomita 50 leo limo chini ya ziwa. Palikuwa na mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, palikuwa na nyumba za wageni ambamo watu wa mjini walikuja kupumzika chini ya magenge, palikuwa na makanisa na makaburi, na palikuwa na njia ya kwendea Yerranderie, mji wa machimbo ya fedha, ambayo maji yaliikata ukabaki mji huo peke yake upande wa pili. Kabla ya maji kupanda, ardhi ilinunuliwa, majengo yakavunjwa, miti ikafyekwa, ili kisioze kitu ndani ya maji ya kunywa. Wakulima walilipwa fidia. Kama ilitosha au haikutosha, hilo ni suala la hesabu, na masuala ya hesabu yana mwisho wake.

Lililo zito zaidi ni la wale waliokuwapo kabla ya wakulima. Bonde hilo ni la Wagundungurra, watu ambao kwao mito haikuwa mito tu. Katika masimulizi yao, ambayo mpimaji R. H. Mathews aliyasikiliza na kuyachapisha mwaka 1908, palikuwa hapo zamani na kiumbe mkubwa, nusu samaki nusu mnyama atambaaye, jina lake Gurangatch, aliyekaa katika kina cha maji mahali mito miwili ilipokutana. Akaja Mirragan, mvuvi hodari, ambaye ni yule mnyama mwindaji mwenye madoa wa misitu ya Australia katika umbo la enzi hizo, akamwona, akamtamani, akatia majini magome ya kulevya samaki, kama watu wa pwani yetu watumiavyo utupa. Gurangatch alipohisi sumu aliipasua ardhi akakimbia chini na juu yake, na kila alipopita maji yalimfuata, na pale alipogeuka kupigana na pale alipopumzika pakabaki vina virefu. Hivyo ndivyo ilivyopatikana mito ya Wollondilly na Coxs, na ndivyo yalivyopatikana mapango ya milimani. Mwishowe Mirragan aliita ndege wapiga mbizi, na mmoja wao akazamia akaibuka na kipande cha nyama ya yule kiumbe, wala hakuweza kumleta mzima. Kila kituo cha safari hiyo kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na mahali, na mahali hapo mzee aliweza kumpeleka mjukuu wake akamwonyesha kwa mkono. Vingi katika vituo hivyo leo vimefunikwa na maji yanayozidi kimo cha minara.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo kwa ajili yake naandika. Je, haja ya wengi huifuta haki ya wachache? Na kama haiifuti, basi yule anayekunywa leo, asiyeua mtu wala kufukuza mtu, ambaye hata jina la bonde hilo hajapata kulisikia, ana jukumu gani?

Yako majibu mawili yaliyo mepesi, na yote mawili nayakataa. La kwanza ni la mwenye kuhesabu vichwa, asemaye kwamba milioni ni wengi kuliko mamia, kwa hiyo hapana la kuzungumza. Mtu huyu hajui kwamba kwa hesabu yake hiyohiyo hapana dhuluma duniani isiyoweza kuhalalishwa, maadamu mdhulumiwa ni mmoja na wenye kufaidi ni wawili. La pili ni la mwenye huruma bila mizani, asemaye kwamba bonde lisingeguswa kamwe, na ambaye ukimwuliza watoto wa Sydney wangekunywa nini katika ukame kama ule wa mwaka 1942, hana la kukujibu. Wa kwanza hamwoni aliyehamishwa, wa pili hamwoni mwenye kiu, na insafu haipatikani kwa kumfumbia macho mmoja wao.

Maulamaa wa fikihi waliokabiliana na masuala ya namna hii kabla yetu walikuwa na busara zaidi. Katika maji waliithibitisha haki ya shafa, yaani haki ya kila kiumbe mwenye kiu, mtu au mnyama, kunywa hata katika kisima kisicho chake, wala mwenye kisima hana ruhusa ya kumwacha afe. Wakakiri vilevile kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Lakini hawakuishia hapo, na hapa ndipo wengi wetu, ambao hupenda kuikariri kaida ya kwanza, huisahau ya pili: kwamba kudharurika kwa mtu hakubatilishi haki ya mwenziwe. Majalla, ile sheria iliyotungwa na dola ya Uthmani baina ya mwaka 1869 na mwaka 1876, inaieleza kaida hii kwa mfano wa mtu mwenye njaa aliyekula mkate wa mwengine. Hana dhambi kwa kuula. Na thamani yake iko juu yake mpaka ailipe. Dhambi na deni ni vitu viwili mbali mbali. Mtu aweza kuwa hana kosa hata chembe, na akawa anadaiwa.

Naona kaida hii inafungua kifungo ambacho fikra za siku hizi zimejifunga nacho. Wenye kutetea bwawa hudhani kwamba wakikiri deni watakuwa wamekiri dhambi, basi hukana yote mawili. Na wenye kulilaumu hudhani kwamba wakikubali dharura watakuwa wamelisamehe deni, basi huikana dharura. Sydney ilikuwa na njaa ikala mkate wa mwengine. Ilikuwa na haki ya kula. Sasa tuzungumze juu ya mkate.

Na hapo pana ugumu wa kweli, wala si wa maneno. Wanafikihi huvigawa vitu katika mafungu mawili: kilicho na mfano wake, kama mchele na mafuta, ambacho ukikiharibu humrudishia mwenyewe kilicho sawa nacho, na kisicho na mfano, ambacho hulipwa kwa kima chake. Shamba la mahindi la Burragorang lina kima. Mtu aliweza kuchukua fedha zake akanunua shamba jingine karibu na Camden, akalia kidogo, akalima. Lakini mahali ambapo Gurangatch aligeuka kupigana hapana mfano wake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine alipogeuka. Wala hapana kima chake, kwa sababu kima hutokana na soko, na hakuna aliyepata kupauza wala kupanunua. Basi ni deni la kitu kisicho na mfano wala kima. Wako watakaosema kwamba deni la namna hiyo si deni. Mimi nasema ni kinyume: deni linalolipika hulipwa likaisha, na lisilolipika ndilo linalobaki juu ya shingo.

Tazama jinsi lilivyoachwa libaki. Tangu zamani baadhi ya Wagundungurra walikuwa wamekwisha kutoka bondeni, kwa kubanwa na mashamba ya wageni na kwa kutafuta kazi, wakapanda juu ya milima, na pamoja na Wadarug, wenyeji wengine wa asili, na masikini wengine wakafanya maskani yao katika bonde dogo la Katoomba liitwalo The Gully. Mwaka 1957, wakati ukuta wa Warragamba ukiendelea kupanda, watu wa The Gully waliondolewa na vibanda vyao vikabomolewa ili pajengwe uwanja wa mashindano ya motokaa. Angalia vizuri tofauti ya mambo haya mawili. Kule bondeni iliyodaiwa ilikuwa roho ya jiji zima. Huku mlimani ilikuwa mbio za magari. Ya kwanza ilikuwa dharura, na ya pili ilikuwa anasa tupu, na waliofanyiwa ni watu walewale, katika muongo uleule. Nikisoma habari hii huona kwamba jamii ikishazoea kuchukua kwa dharura bila ya kuandika deni, haikawii kuchukua bila ya dharura. The Gully ilitangazwa rasmi kuwa mahali pa wenyeji wa asili mwaka 2002, baada ya miaka 45. Ni jambo jema, na lilichelewa.

Wala si Australia peke yake. Mwaka huohuo wa 1960 uliofunguliwa Warragamba ulifunguliwa Kariba juu ya mto Zambezi, ambapo Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kingo zao, na ulianza ujenzi wa bwawa kuu la Aswan, lililowaondoa Wanubi kwenye Nile, wa Misri na wa Sudani, pamoja na mitende yao. Zilikuwa siku ambazo kila serikali, ya mkoloni na ya mzalendo, iliamini kwamba mto usiozuiwa ni mto uliopotea. Sizitaji nchi hizo ili kuipunguzia Sydney mzigo wake, kwa kuwa wingi wa wadaiwa haupunguzi deni la mmoja.

Watu wa Sydney wa leo wana hujja moja ambayo sharti isikilizwe. Wao husema: sisi hatukujenga, waliojenga wengi wamekufa, waliohamishwa wengi wamekufa, na wengine wetu tumekuja juzi kutoka Lubnani, Uchina na Vietnam, vipi tudaiwe? Ningejibu kwa mlango wa mirathi, ambao kila Mwislamu wa pwani anaufahamu. Maiti akiacha mali na deni, warithi hawaanzi kugawana mpaka deni limetolewa. Mwana hakuazima, hakutia saini, huenda alikuwa hajazaliwa; walakini hawezi kuishika nyumba kwa mkono mmoja na kulisukuma deni kwa mkono mwengine, kwani vyote viwili vimetoka katika fungu moja. Akiacha mirathi, ameepukana na deni. Na ni nani katika Sydney aliyeiacha mirathi hii? Kila asubuhi anaifungua kwenye mfereji, anaikogea, anaipikia, anampa mtoto wake.

Jaribio la karibuni limeonyesha kwamba swali hili halijalala. Tangu mwaka 2016 serikali ya New South Wales ilikuwa na shauri la kuuinua ukuta kwa mita 14, si kwa ajili ya maji ya kunywa bali kwa ajili ya kuzuia mafuriko ya mto Hawkesbury na Nepean, ambako watu wa Penrith, Windsor na Richmond wanakaa katika hatari ya kweli. Mafuriko ya mwaka 2021 na ya mwaka 2022 yaliingia majumbani mwao. Ukuta ungezuia mafuriko chini, na kwa kufanya hivyo maji yangepanda kwa muda juu, yafunike kingo zilizosalia, pamoja na michoro, makaburi na vituo vya masimulizi ya Wagundungurra ambavyo maji ya kwanza hayakuvifikia, katika nchi ambayo tangu mwaka 2000 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Wagundungurra walisimama wakapinga. Walisema kwa ufupi kwamba wamekwisha kupoteza mara moja. Mwaka 2023 serikali mpya ililiacha shauri hilo.

Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, nami siusemi bila ya kuwafikiria watu wa Windsor. Dharura hupimwa kwa kiasi chake, na kiasi chake hujulikana kwa kuuliza kama pana njia nyingine. Mwaka 1942 njia nyingine haikuonekana. Leo jiji lina kiwanda cha kusafisha maji ya bahari huko Kurnell tangu mwaka 2010, na kwa hiyo lingeweza kupunguza maji yanayowekwa bwawani ili mvua kubwa ipate nafasi. Laweza kutengeneza njia za kukimbilia. Na zaidi ya yote laweza kuacha kupima viwanja vipya katika mabonde ambayo kila mtu ajua yatafurika. Hakuna katika hayo lisilo na gharama. Lakini gharama ya fedha si udhuru wa kumwendea tena yuleyule, kwa mara ya pili, kumwomba mkate ambao wa kwanza haujalipwa.

Basi deni hilo lilipwe kwa nini, nalo halina mfano wala kima? Kitabu kimoja cha historia na kibao kimoja cha shaba penye kilele cha ukuta havitoshi. Lakini yapo yanayowezekana, na yako karibu. Kingo za ziwa zimefungwa kwa wote, kwa sababu za usafi wa maji zilizo sahihi. Hata hivyo ulinzi wa kingo hizo ni kazi yenye mshahara na yenye heshima, na wanaostahiki kuishika kabla ya wengine ni wale ambao babu zao waliyajua maji hayo kwa majina kabla hayajawa ziwa. Wawe ndio walinzi, waingie kwa haki yao wala si kwa hisani ya karani anayegonga muhuri, wapeleke watoto wao mpaka pale maji yanapoanzia, wawaeleze kilichomo chini. Na neno lao juu ya ukuta huo, kama utainuliwa au hautainuliwa, liwe neno la mwenye mali wala si maoni miongoni mwa maoni. Na skuli za Sydney, ambazo huwapeleka watoto Warragamba kutazama ukuta na kuhesabu mita zake, ziwafundishe siku hiyohiyo habari za Gurangatch na za The Gully, kabla basi halijawarudisha mjini. Wenye kudai hawakutoweka. Wako Katoomba, wako Camden, wanajulikana, na wamekuwa wakibisha hodi kwa miaka zaidi ya 60.